Maswali ya Wasomaji: Mradi umekwisha, je, umesaidia?

Barua za miezi hii zimezungumzia kwa wingi tathmini ya miradi ya elimu na ya huduma za jamii. Nimechagua tano zinazogusana, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Mimi ni mratibu wa mradi wa vilabu vya usomaji katika shule za msingi wilayani Korogwe. Miaka miwili iliyopita tuliwapima watoto wa darasa la pili, na walioweza kusoma hadithi fupi hawakufika theluthi. Watoto walewale sasa wako darasa la nne, na wanaosoma wamevuka nusu. Mfadhili anataka tathmini ya mwisho kabla ya kuamua kama ataendelea nasi. Wenzangu ofisini wanasema tofauti hiyo inatosha, tuiandike kwenye taarifa. Mimi nina wasiwasi, ila sijui niueleze vipi. — Mratibu, Korogwe

Ndugu Mratibu, wasiwasi wako una msingi, na unaweza kuwaeleza wenzako kwa kuwauliza swali moja tu: watoto hao wangekuwa wapi leo kama vilabu vyenu visingekuwapo? Mtoto aliyetoka darasa la pili akafika la nne amekaa darasani miaka miwili zaidi, amefundishwa na walimu wake wa kila siku, amekua, na huenda katika kipindi hichohicho shule yake imepata mwalimu mpya au walimu wake wamepelekwa mafunzo ya KKK, yaani kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Sehemu ya ongezeko mnaloliona ingetokea hata kama mradi usingefika Korogwe. Huenda ni sehemu ndogo, huenda ni karibu ongezeko lote, na takwimu mlizonazo haziwezi kuamua, kwa sababu zinawalinganisha watoto na wao wenyewe walipokuwa wadogo.

Njia inayokuja haraka akilini ni kutafuta shule ambazo hazikuwa kwenye mradi na kuwapima watoto wa huko. Ni njia nzuri, lakini kabla ya kuitumia chunguzeni shule zenu ziliingiaje. Mara nyingi shule huingia mradini kwa sababu mwalimu mkuu ni mchapakazi na aliwahi kuomba, au kamati ya shule iko hai, au barabara inapitika hata wakati wa masika. Sifa hizohizo huwafanya watoto wasome vizuri hata bila mradi. Mkilinganisha shule za namna hiyo na zile ambazo hazikuomba, mtapata tofauti, na mtauhesabia mradi sifa ambazo ni za mwalimu mkuu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua unatoka magharibi mwa Kenya. Paul Glewwe, Michael Kremer na wenzao walichunguza chati kubwa za kufundishia, zile zinazofunuliwa ukurasa baada ya ukurasa mbele ya darasa. Walipolinganisha kwa njia ya kawaida shule zilizokuwa nazo na zisizokuwa nazo, chati zilionekana kupandisha alama kwa kiasi kinachofikia asilimia 20 ya mchepuko sanifu, yaani kipimo cha namna alama za wanafunzi zinavyotawanyika. Kwa miradi ya elimu hicho ni kiasi cha kujivunia. Kisha wakachukua shule 178, nusu yake zikateuliwa kwa bahati nasibu kupewa chati, na katika ulinganisho huo hakukuonekana ushahidi wowote kwamba chati zimepandisha alama. Kilichokuwa kimewadanganya mwanzoni ni shule zenyewe: zilizokuwa na chati zilikuwa zimezitangulia nyingine kwa mambo ambayo takwimu za kawaida haziyanasi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004, na bado ninaona taarifa za miradi zinazoandikwa kana kwamba hakuna aliyeyasoma.

Kwa kuwa ninyi mko mwishoni, uteuzi wa nasibu umeshawapita, lakini bado kuna la kufanya. Matokeo ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne hutolewa na Baraza la Mitihani kwa kila shule. Chukueni ya shule zenu na ya shule nyingine za wilaya, si ya mwaka huu peke yake bali ya miaka kadhaa kabla ya mradi kuanza. Mkikuta makundi hayo mawili yalikuwa yakienda sambamba, kisha shule zenu zikaanza kupanda zaidi baada ya vilabu kufunguliwa, mtakuwa na hoja yenye uzito. Mkikuta zilikuwa zimeshaanza kuzipita nyingine kabla ninyi hamjafika, hoja hiyo imeanguka, na ni afadhali muijue ninyi kuliko aje kuigundua mtu mwingine. Mtihani huo haupimi usomaji wa hadithi moja kwa moja, kwa hiyo uchukueni kama ushahidi wa kusaidia tu.

Jambo la pili ni namna mtakavyowapima watoto safari hii. Nimeona zaidi ya mara moja hadithi iliyotumika katika upimaji wa awali ikirudishwa vilevile katika upimaji wa mwisho. Mtoto anaipokea karatasi, anasoma mstari wa kwanza huku kidole kikiwa kwenye mstari wa pili, na anaendelea bila kusita hata pale kidole kinapokwama, kwa sababu hadithi anayo kichwani. Wamekuwa wakiirudia darasani tangu mwaka juzi. Tumieni hadithi mpya yenye ugumu uleule, iliyojaribiwa kwanza kwenye shule ambayo haimo, na anayepima asiwe mwezeshaji wa klabu ya shule hiyo. Pimeni pia watoto ambao siku hiyo hawapo, kwa kuwafuata nyumbani. Upimaji wa kusoma na kuhesabu uitwao Uwezo, ulioanza Afrika Mashariki mwishoni mwa muongo wa 2000, huwafuata watoto majumbani kwa sababu hiyo: shuleni utawakuta waliohudhuria, na mtoto aliyeshindwa kusoma ndiye aliye karibu zaidi na kuacha shule. Mkiwaacha walioacha, wastani wenu utapanda bila mtoto yeyote kujifunza zaidi.

Kwenye taarifa, andikeni ongezeko mliloliona, mseme ni kiasi gani cha ongezeko hilo mna sababu ya kuamini kwamba kimetokana na vilabu, na kwa nini hamwezi kusema zaidi ya hapo. Mfadhili makini ataiheshimu taarifa ya namna hiyo. Kisha muombeni, kama awamu ya pili ipo, tathmini iingizwe kwenye mpango kazi na kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Mshauri mwelekezi anayepewa hadidu za rejea mwezi mmoja kabla mradi haujafungwa hawezi kurudi nyuma kuwapima watoto wa mwaka juzi.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule. Mwaka jana walikuja wataalamu kufanya tathmini ya fedha zinazoletwa shuleni. Waliomba stakabadhi, wakahesabu vitabu na madawati, wakasema shule yetu imefanya vizuri, wakaondoka. Lakini sisi wazazi tunaona watoto bado hawajui kusoma. Ile ilikuwa tathmini kweli? — Mzazi, Kasulu

Ndugu Mzazi, kazi mliyofanyiwa ni ya lazima, lakini jina lake sahihi ni ukaguzi, au kwa upana kidogo ufuatiliaji. Inajibu kama fedha zilifika na kama zilinunua kilichopangwa. Tathmini inapaswa kuendelea pale ufuatiliaji unapoishia: vitabu vilipofika vilifunguliwa? Vilipofunguliwa, mtoto alivielewa? Alipovielewa, akawa anasoma vizuri zaidi? Kila mradi una mnyororo wa aina hii, uwe umeandikwa au haukuandikwa, na mtathmini mzuri huuandika wote kabla ya kuanza kazi, kisha akatafuta ni pete gani imekatika.

Wakenya wana mfano mwingine wa kufundisha sana. Mwaka 1996 shule 25 kati ya 100 zilizohusishwa na utafiti mmoja huko Busia zilipewa vitabu vya kiada. Vitabu vilifika na mkaguzi angeridhika, lakini alama za wastani hazikupanda. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa tayari wako juu darasani, kwa sababu vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto hao ilikuwa lugha ya tatu. Ukihesabu vitabu kabatini hutaliona hilo. Utaliona ukikaa na mtoto na kumwomba asome ukurasa mmoja.

Kuhusu fedha zenyewe, Tanzania ina ushahidi wake. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha jaribio la KiuFunza katika shule za msingi za serikali 350. Shule 70 zilipata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Nyingine 70 hazikupata ruzuku hiyo, bali walimu wao waliahidiwa malipo ya ziada kwa kila mwanafunzi wa madarasa ya chini atakayefaulu majaribio ya Kiswahili, Kiingereza na hisabati. Shule 70 zilipata vyote viwili, na 140 zikabaki kama zilivyo kwa ajili ya ulinganisho. Mpangilio huu nausifu, kwa sababu uliuliza pia ni kipi kati ya mambo yanayoingia mradini kinachofanya kazi. Baada ya miaka miwili ruzuku peke yake haikuwa imeongeza chochote kwenye alama za watoto, ingawa hata baada ya kutoa kiasi ambacho familia na vyanzo vingine vilipunguza, matumizi ya shule kwa kila mwanafunzi yaliongezeka. Malipo ya walimu peke yake yalionyesha dalili fulani za mafanikio. Shule zilizopata vyote viwili ndizo zilizopanda waziwazi, kwa kiwango kinachozidi hata jumla ya athari za kimoja kimoja.

Hapa sharti niweke tahadhari kuhusu malipo yanayofungwa na alama. Msomi wa Marekani Donald Campbell aliandika katika miaka ya 1970 kwamba kadiri kipimo kinavyotumika zaidi kufanya maamuzi, ndivyo watu watakavyokipinda na ndivyo kitakavyoiharibu kazi kilichowekwa kuipima. Jaribio jingine la magharibi mwa Kenya liliwapa walimu zawadi kulingana na matokeo ya mitihani. Alama zilipanda kwenye baadhi ya mitihani wakati mpango ukiendelea, lakini walimu hawakuongeza mahudhurio yao. Waliongeza vipindi vya kuandaa watoto kwa mtihani, na mpango ulipokwisha watoto hawakubaki na faida ile. Basi wakija tena wataalamu, waombeni kwa heshima wawapime watoto wachache mbele ya kamati, kwa jaribio ambalo walimu hawajaliona. Kamati ya shule ina haki ya kuomba hivyo.

Mwanangu, nimesikia kwamba siku hizi miradi inapiga kura: kijiji hiki kipate, kile kikose, ili wataalamu wapate kulinganisha. Mimi nimekuwa mwenyekiti wa kijiji kwa vipindi viwili na naona jambo hili ni dhuluma. Watoto wa watu si vifaranga vya kufanyiwa majaribio. — Mzee, Rufiji

Mzee wangu, shikamoo. Barua yako nimeisoma kwa makini, na sitaki kuijibu kwa kukwepa, kwa sababu ndani yake mna kanuni ambayo watathmini wenyewe wanaiweka miongoni mwa viwango vya kazi yao: tathmini lazima iwe ya haki kwa wale inaowagusa.

Hoja yako ni sahihi kabisa pale ambapo manufaa ya kitu yameshathibitika na kipo cha kumtosha kila mtu. Chanjo ya surua haipigiwi kura. Mtoto mwenye utapiamlo mkali haachwi bila lishe ili awe wa kulinganishwa. Mtaalamu atakayekuletea pendekezo la namna hiyo mrudishe alikotoka.

Lakini hali mbili zinabadilisha hesabu. Ya kwanza ni pale fedha zinapotosha vijiji 40 na vyenye uhitaji ni 80. Nusu watakosa, hilo haliepukiki, na linalobaki ni kuamua kwa njia gani. Wewe umeongoza kijiji na unajua njia zilizozoeleka: anayefahamiana na mtu wilayani, aliye karibu na lami, mwenye diwani anayepaza sauti. Kura inayopigwa hadharani, mbele ya wenyeviti wote, majina yakiwa kwenye kikapu, ina haki zaidi kuliko njia hizo, na kwa bahati njema ndiyo inayotoa ulinganisho safi. Pia si lazima anayekosa akose moja kwa moja. Mradi wa dawa za minyoo huko Busia ulihusu shule 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Shule ziliorodheshwa kwa alfabeti kufuatana na maeneo yao, kila ya tatu ikaingia kundi lake, na makundi yakapata dawa kwa zamu: la kwanza mwaka 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Kila shule ilipata, na zilizokuwa zikisubiri ndizo zilizotumika kulinganisha. Utoro ulipungua kwa takriban robo, ingawa alama za mitihani hazikubadilika. Mahudhurio hayakuchukuliwa kwenye daftari la mwalimu. Maofisa walifika shuleni bila taarifa na kuhesabu vichwa. Watafiti, Edward Miguel na Michael Kremer, waliwapa wengine takwimu zao wazikague, na wakaguzi wakakuta makosa ya ukokotoaji, hasa katika athari kwa shule zilizo mbali kidogo. Mjadala ulikuwa mkali mwaka 2015. Ningependa kila mradi unaopita vijijini mwetu ukubali kukaguliwa namna hiyo.

Hali ya pili ni ngumu zaidi kuikubali: mara nyingi hatujui kama tunachokigawa kina manufaa. Mwaka 1939 huko Massachusetts, Marekani, ulianza mpango wa kuwasaidia vijana wa kiume waliohofiwa kuingia uhalifuni. Walipewa washauri waliowatembelea nyumbani, matibabu, msaada wa masomo na kambi za likizo. Vijana 506 walipangwa wawili wawili wanaofanana, na katika kila jozi mmoja akaingia mpangoni kwa kurusha sarafu. Miaka 30 baada ya mpango, mtafiti Joan McCord aliwatafuta. Theluthi mbili hivi ya waliojibu kati ya waliosaidiwa walisema mpango uliwafaa, na wengine wakaeleza kwamba bila huo wangeishia gerezani. Lakini walipowekwa kando ya wenzao ambao hawakusaidiwa, ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kurudia uhalifu, wa kuonyesha dalili za ulevi na wa kufa mapema. Bila ile sarafu kusingekuwa na mtu wa kuwalinganisha nao, na shukrani za watu wazima hao zingehesabiwa kuwa uthibitisho wa mafanikio. Kumpa mtoto wa mtu kitu ambacho athari yake haijulikani, bila kutafuta kuijua, nako ni kumfanyia jaribio, tena lisilo na mtu wa kuliangalia.

Unalotakiwa kulisimamia kama mwenyekiti, Mzee wangu, ni kwamba wananchi waelezwe kabla, wapewe nafasi ya kukataa, na matokeo yarudishwe kwao kwenye mkutano wa kijiji kwa lugha wanayoielewa. Hili la mrejesho ndilo linalovunjwa zaidi, na ndilo lingenipa hasira kama ningekuwa mwenyekiti.

Ninasoma shahada ya uzamili katika maendeleo ya jamii. Msimamizi wangu anasema tathmini bila takwimu ni maoni tu. Mimi nimefanya usaili na majadiliano ya vikundi na naona yamenifunza mengi. Nani yuko sahihi? — Mwanafunzi, Dodoma

Dada yangu, ninyi nyote wawili mnahitajiana, na mfano uko karibu sana na ulipo. Kabla TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, haijaeneza mpango wake wa kunusuru kaya maskini, ilijaribu ruzuku zenye masharti katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 vilihusishwa, 40 vikapata kwanza kwa bahati nasibu, na malipo yakaanza mwaka 2010. Moja ya masharti lilikuwa watoto wadogo na wazee wapelekwe kliniki. Mwanzoni ziara za kliniki ziliongezeka, kama ilivyotarajiwa. Baadaye, wakati wa upimaji wa mwisho, zikawa zimepungua katika vijiji vilivyopata ruzuku.

Msimamizi wako akipewa takwimu hiyo peke yake ataandika kwamba mradi umeshindwa. Lakini siku za kuugua nazo zilikuwa zimepungua, kaya nyingi zaidi zilikuwa zikilipia matibabu kwa bima, na watoto walikuwa wakinunuliwa viatu. Watu walipunguza kwenda kliniki kwa sababu walikuwa na afya bora. Kiashiria kilekile kikipanda ni habari njema mwaka wa kwanza, na kikishuka ni habari njema mwaka wa tatu, na hutajua maana yake ipi kama hujakaa na mama mmoja barazani kwake ukamuuliza mara ya mwisho alikwenda lini na kwa nini.

Kwa upande wako, usaili una udhaifu ambao lazima uukiri kwenye tasnifu. Mtu anayepokea ruzuku, akiulizwa na mgeni aliyeshuka kwenye gari la mradi, atasema mambo ni mazuri, na hata waungwana wasiotarajia kitu husema hivyo kwa kumstahi mgeni. Usiwapate wa kuwasaili kwa kumuuliza mtendaji wa kijiji, maana atakupa wale wanaojua kuzungumza. Chukua orodha nzima, chagua kwa nasibu, na uwatafute hasa walioacha mradi katikati. Uliza kuhusu matendo ya wiki iliyopita badala ya maoni: “Jana watoto walikula mara ngapi?” hujibiwa kwa ukweli zaidi kuliko “Je, lishe imeboreka?” Na ulichokisikia kwenye kikundi cha wanaume na wanawake waliokaa pamoja usikiite mtazamo wa wanawake.

Katika kaunti yetu shirika moja liliendesha mradi wa walimu wa kujitolea wanaolipwa kwa mkataba, na tathmini huru ilionyesha mafanikio makubwa. Sasa kuna pendekezo kwamba kaunti iuchukue na kuueneza kwenye shule zote. Tathmini tunayo mkononi. Kuna la kuhofia? — Afisa, Kilifi

Ndugu Afisa, lipo. Tathmini mliyo nayo imejibu kama mradi ulifaulu ukiendeshwa na shirika lile, katika shule zile, kwa usimamizi ule. Hamna jibu kuhusu mradi huohuo ukiendeshwa na kaunti. Tessa Bold na wenzake walilipima jambo hili nchini mwenu, katika shule 192 kwenye mikoa yote minane ya wakati ule. Walimu wa mkataba walioajiriwa kupitia shirika lisilo la kiserikali waliwapandisha wanafunzi alama. Walioajiriwa kupitia serikali, kwa mkataba wenye masharti yaleyale, hawakuleta badiliko lolote. Watafiti walionyesha kwamba upinzani wa kiutawala na wa kisiasa ulichelewesha utekelezaji, na ukafanya mkataba uleule ueleweke tofauti na wale waliousaini.

Sisemi msiuchukue. Uanzeni katika wadi chache zilizoteuliwa kwa kura, ukiendeshwa tangu mwanzo na maafisa wa kaunti wenyewe, mishahara ikipitia kwenye mfumo wenu wa kawaida pamoja na ucheleweshaji wake wote, na wakaguzi wakiwa ni walewale mlio nao leo. Wekeni kumbukumbu za tarehe ambayo kila mwalimu alilipwa na za siku ambazo mkaguzi alimkuta darasani. Ikiwa baada ya mwaka mmoja alama hazijasogea, kumbukumbu hizo mbili zitawaonyesha pa kuanzia kurekebisha kabla fedha za shule zote hazijapitishwa na bunge la kaunti.